Sindano Zilizotungwa Nyumbani

Mwanangu Mesfin,

Nina miaka sabini na tisa. Nimeona mfalme akiondoka, wanajeshi wakiondoka, na cherehani tatu zikinifia mikononi. Mimi bado nipo, na leo nimepata kazi hapa Gondar.

Duka jipya la Bi Aselefech lilitaka fundi wa kutarizi pindo za shali. Vijana walijaa mlangoni na vyeti vyao. Mmoja akanicheka, "Babu, sadaka inagawiwa kanisani!" Nikamjibu, "Nipishe, nikishaajiriwa nitakushonea hicho kifungo kinachoning'inia."

Ndani, Bi Aselefech akampa kila mtu sindano na uzi, atunge mbele yake. Yake sikuigusa. Nikafunua upindo wa gabi niliyojitanda, nikachomoa yangu, ina uzi tayari.

"Mama, fundi wa kweli hafiki kazini na sindano tupu."

Akacheka. "Mzee una maneno wewe! Anza kesho. Lakini mwezi huu wa kwanza nakuangalia."

Sasa barua yako. Mkeo anakaribia kujifungua, unataka mama yako aje huko Dire Dawa. Ni haki yenu. Lakini mwanangu, tundu la sindano silioni tena. Mama yako ndiye hunitungia zote nyumbani. Akiondoka sasa, nitagunduliwa siku hiyohiyo. Mwombe mama mkwe wako atangulie. Mama yako aje mwezi ukiisha.

Ukidhani najisifu, shahidi wangu ni mama yako, Zenebech. Yuko hapa kando, anatunga za kesho. Barua yako bado sijamsomea.

Baba yako,
Worku