Picha za Jumapili

Jumatatu, 8 Desemba

Blauzi ya kumi na moja leo. Vidole vimevimba. Mtaa mzima wa Birere, ninaposhonea, umekumbuka Noeli siku moja, na kila mama anataka yake iwe ya kwanza. Umeme ulikatika saa nne, nikarudi kwenye mashine ya mguu. Sikula mchana.

Saa tisa Yaya, ndivyo ninavyomwita kaka yangu mkubwa Kasereka, alituma sauti kutoka Kampala. Hatumi sauti bila sababu. Anarudi. Yeye, mke wake na watoto, kwa basi, kupitia Kigali. Watafika tarehe ishirini na mbili. Noeli tutakula nyumbani kwake Katindo, kama zamani. Akamaliza: "Nyumba iko muzuri, naiona ku mapicha. Aksanti, Masika."

Nikashona mkono wa kushoto upande wa kulia. Nikafumua. Nikakosea tena.

Jumanne, 9 Desemba

Niandike wazi, maana hapa hakuna anayesoma.

Januari, vita vilipoingia na mji ukachafuka, nililala siku mbili chini ya meza ya kushonea, chumbani kwangu Murara, ninakoshona nisipokuwa Birere. Yaya alivuka mpaka na familia yake, akaniachia ufunguo. Mimi sina bwana wala mtoto, kwa hiyo sina haraka ya kwenda popote. Ndivyo walivyoamua. Sikuulizwa. Kazi yangu: kufungua madirisha, na kila Jumapili baada ya misa kupiga picha za nyumba na kumtumia.

Februari kambi za wakimbizi za Kibati zilivunjwa. Nikamkuta mwanamke amekaa kwenye ukuta wa mawe mbele ya geti la Yaya. Watoto wawili, godoro, sufuria. Mvua ikaanza. Nikasema ingieni, usiku mmoja tu. Huyo ndiye Mama Furaha. Usiku mmoja umekuwa miezi kumi. Septemba alizaa humo humo, kwenye koridoo, juu ya godoro lake mwenyewe. Kitanda cha Yaya alikataa kukigusa.

Yaya hajui lolote. Naogopa.

Jumapili, 14 Desemba

Picha za leo: saluni, pale wageni wanapokaa, jikoni, uwanja wa nyuma.

Tumekuwa mafundi wa jambo hili. Nikiingia tu, watoto wanabeba vitu vyao nyuma ya mlango wa chumba. Mama Furaha anapangusa meza, ananyoosha vitambaa vya viti, kisha anasogea kushoto, nje ya picha, na kumnyonyesha mdogo ili asilie. Mimi napiga. Yeye anauliza kama imetoka vizuri.

Agosti shemeji, mke wa Yaya, aliandika: mapazia yanang'aa, nani anayafua? Nikajibu: mimi. Mimi, ninayefua shuka zangu mara moja kwa mwezi.

Leo sikumwambia Mama Furaha kwamba wenye nyumba wanakuja. Nilikunywa chai yake nikaondoka. Mwoga.

Jumatano, 17 Desemba

Nimemwambia. Niliacha wateja wanne wamekaa kwenye benchi, nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, hadi Katindo.

Nilizunguka sana. Nilisema ni siku chache. Nilisema Yaya si mtu mbaya, ila nyumba hii ameijenga kwa kuchosha mgongo wake. Nilisema waje kwangu Murara, tutabanana. Alinisikiliza huku akichambua majani ya sombe, hakuinua kichwa. Kisha akasema: "Dada, batoto habajuake kuficha kitu. Tukikala kwako, siku ya kwanza tu batasema yote."

Atapanda Kibati. Ana ndugu yake mkubwa aliyejenga kibanda cha mabati huko, kando ya barabara. Hakulia wala hakuniomba. Angenitukana ningepumua.

Nilifukuza watu kwa maneno matamu. Halafu nikarudi Birere kupima kiuno cha mama mmoja aliyetaka gauni limbane zaidi.

Jumamosi, 20 Desemba

Wameondoka asubuhi. Mzigo wote ulienea kwenye chikudu moja, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma: godoro, sufuria, jiko, na mfuko wa nguo. Furaha, ana miaka saba, alikuwa akisukuma kwa nyuma. Mdogo mgongoni kwa mama yake, amevaa kishati nilichomshonea kwa vipande vya kitenge vilivyobaki. Mama Furaha alinirudishia ufunguo kwa mikono miwili.

Niliwatazama mpaka kwenye kona. Nilikuwa nikimfikiria alivyokuwa Juni. Wanaume watatu walipita mtaa huu wakitafuta nyumba zisizo na watu. Tatu zimechukuliwa, na wenyewe hadi leo wanazitazama kutoka nje. Kwenye hii walimkuta mlangoni, mimba ya miezi sita, amekunja mikono. Aliwaambia mwenye nyumba ni yeye. Wakaenda. Mimi nilikuwa Birere nikishona kola. Nyumba haikulindwa na mimi hata siku moja.

Jumatatu, 22 Desemba

Wamefika saa kumi, wamevimba miguu. Yaya ameota mvi. Nililia kweli, si kwa kuigiza.

Alipita chumba kwa chumba akigusa kuta. Shemeji alihesabu sahani. Hakuna kilichopungua. Sakafu inang'aa, michoro ya watoto ya makaa imesuguliwa ikatoka ukutani. Lakini juu ya kabati kulikuwa na vumbi, na kwenye dirisha la nyuma pia. Sikuelewa mara moja. Mama Furaha hawezi kusahau vumbi. Aliliacha makusudi, ili ionekane nyumba haikukaliwa.

Shemeji alipitisha kidole juu yake, akatikisa kichwa: "Masika, kupangusa tu ilikushinda?"

Yaya akasema aniache, kwamba nyumba nimeilinda. Nilikwenda jikoni nikakaa juu ya ndoo.

Jumatano, 24 Desemba

Nguo ya mwisho imetoka saa saba. Nimefunga mashine.

Kwetu, siku ya Noeli, kabla ya chakula kuguswa, kila mtu mzima anasimama na kusema mwaka wake. Marehemu baba aliuanza mtindo huo Butembo na Yaya anaushika kama misa. Mimi huwa wa mwisho. Mwaka jana nilikuwa nimeanza tu kusimulia, shemeji akanikata: "Wewe hauna bwana, hauna mutoto, mwaka yako iko mufupi. Tukule." Walicheka wote, nami nikacheka.

Kesho naweza kusema dakika moja nikakaa. Nimeshona, nimeomba, nyumba ni hii. Hakuna atakayejua kamwe. Yaya ataendelea kunipenda.

Simu nimeiweka kwenye chaji.

Alhamisi, 25 Desemba

Nimesema.

Yaya alisimama wa kwanza: Kampala, kazi ya ghala, aibu ya kukaa kwa watu. Alitaja sana hiyo aibu ya kukaa kwa watu. Shemeji akasema wake. Kisha akanitazama akitabasamu, kijiko tayari mkononi.

Nikatoa simu. Nikawaonyesha picha, moja moja, zile zile nilizowatumia. Hii ya Machi: nyuma ya mlango huu kuna watoto wawili wamefunga midomo. Hii ya Juni: wiki ile wanaume walikuja, na aliyewazuia amesimama hapa kushoto, hamumwoni. Hii ya Septemba: mtoto ana siku nne, amelala jikoni ndani ya beseni la nguo. Mapazia alifua yeye. Vumbi la kabatini aliliacha yeye, kwa ajili yangu. Jina lake Mama Furaha. Nimemtoa Jumamosi, mtoto mgongoni ndani ya kishati cha kitenge nilichomshonea, ili ninyi msimkute.

Sikukaa hadi nilipomaliza. Mwaka wangu ulikuwa mrefu kuliko yao wote.

Hakuna aliyecheka. Shemeji aliweka kijiko chini. Yaya alishika simu yangu, akarudi kwenye picha za mwanzo, akazitazama zote upya, polepole, akikuza pembe ya kushoto kwa vidole. Wali ulipoa. Kisha akasali sala ya chakula, tukala.

Ijumaa, 26 Desemba

Yaya haongei nami. Nimeosha vyombo vyote. Shemeji aliniuliza kitu kimoja tu, aligeuka upande akiuliza: kishati cha mtoto ni cha kitenge gani. Nikamwambia. Ni kile kile cha nguo zetu za Noeli, nilizotushonea sote.

Nimerudi Murara. Sijutii, ila inauma.

Jumamosi, 27 Desemba

Nasikia Yaya alikwenda kwa muzee wa nyumba ya pili, jirani aliyekuwepo Juni, na kukaa kwake muda mrefu. Sijui walisema nini. Nimelala mchana mzima, jambo ambalo sijalifanya tangu mwaka uanze.

Jumapili, 28 Desemba

Baada ya misa Yaya alikuja kwangu peke yake. Mara ya kwanza kukanyaga hapa. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akatazama mashine, meza, na nafasi ndogo iliyo chini yake. Akauliza kama ndipo nilipolala Januari. Nikasema ndiyo.

Wanarudi Kampala Jumanne. Huku kazi hakuna. Alitoa ufunguo mfukoni. Halafu akatoa wa pili, mpya, bado una ukali wa tupa. Amechongesha Birere jana.

Nilitaka kusema kitu. Akanitangulia: "Masika, usinitumie tena mapicha."

Alikunywa maji akaondoka.

Funguo mbili ziko mezani, karibu na makasi. Mvua inanyesha kidogo. Kesho asubuhi napanda Kibati na ule mpya.