Kaburi la Yiti na Neno Moja la Kitabuni

Sahibu yangu Sheikh Humud,

Nnakuandikia na najua hutojibu, maana mwezi uliopita nilikuwa miongoni mwa waliokutia kaburini. Barua hii siifungi. Aisome atakaye, na wanao wawe wa mwanzo. Najua ungesema, "Huyu tangu lini anaandika?" Herufi zangu kubwa kama mayai ya bata, lakini zangu mwenyewe.

Unakumbuka chuoni kule Unguja? Mwalimu akikuuliza aya unaimwaga kama maji, mimi nahesabu mijusi darini. Lakini nje ya mlango nani alikuwa bwana? Mara tatu nilikutoa mikononi mwa wale waliokuwa wakikuvizia, na mmoja nikamvunja jino. Hakukuwa na ngumi kama yangu mtaa mzima. Halafu wewe ukapelekwa Kairo kusoma, mimi nikapelekwa sokoni kubeba magunia.

Tuliporudi Maskati mimi nikapata teksi, wewe ukaitwa serikalini. Asubuhi ya kazi yako ya kwanza ulinijia kwangu Matrah, kilemba umekishika kama mtu aliyeokota paka. "Nifunge, bwana, mimi nimezoea suruali." Nikakufunga. Kilemba nilichofunga mimi hakijapata kuanguka, nchi nzima. Ukaingia karani, ukawa mkalimani, ukawa mjumbe wa kupelekwa mbali mpaka Japani, ukafundisha watoto wa wakubwa, ukavaa joho la nyuzi za dhahabu. Na mimi kwenye teksi nawaambia abiria, "Yule kilemba chake cha kwanza nimekifunga mimi." Nilikuwa nikijifakharisha kwa ajili yako, wallahi.

Miaka ya tisini ukaanza kile kitabu chako cha nasaba za watu wa Yiti, kijiji cha wazee wetu. Ukaniita kwako Azaiba, kwa sababu wewe umezaliwa Unguja, na mimi nimezaliwa Yiti na nimeondoka nishapata akili zangu. Jioni ngapi nimekaa nikisema mbele ya ile rikoda yako! Nikakuhadithia babu yangu Khalfan na babu yako Sheikh Saleh, watu wa sinia moja. Khalfan ana chombo chake na nyavu zake, hakutumwa na mtu. Na babu yako hakuamua shauri la watu mpaka kwanza amuulize yeye.

Kitabu kikatoka. Binti yangu Zuwena alikuwa akinisomea, akafika pahala akakifunga.

"Soma."

"Baba, tuishie hapa."

"Nimesema soma!"

Akasoma: "Sheikh Saleh, na Khalfan, mtumishi wake."

Nilikujia siku ile ile, nikakukuta na wageni wako. Ulinijibu nini?

"Ndugu yangu, kitabu kina kurasa mia nne. Hilo ni neno moja tu. Nani atalishughulikia?"

"Mimi."

"Wewe hata kusoma hujui."

Ukacheka, na wageni wakacheka. Kahawa sikupewa.

Ikapita miaka. Siku moja ukaja Matrah kwa miguu yako, na mpiga picha nyuma yako. Kitabu kinachapwa mara ya pili, unataka picha ya kaburi la babu yako. Na makaburi yetu hayaandikwi majina, ni mawe tu. Aliyebaki anayejua nani kalala wapi ni mimi. "Twende, sahibu yangu," ukasema. Siku hiyo ndiyo nikawa sahibu!

Nikakupeleka Yiti, nikakuonyesha. Ukasimama na joho lako, ukainamisha kichwa, machozi yakakutoka, picha ikapigwa.

"Ndiye?"

"Ndiye."

Sheikh, yule alikuwa Khalfan.

Picha imo kitabuni, ukurasa wa mwanzo: bwana mkubwa kainama mbele ya mtumishi. Mimi nikaona imetosha. Lakini wewe ukaja ukausia uzikwe miguuni pa babu yako. Wanao wakaja kuniuliza ni wapi hasa. Ningeweza kusema kweli. Sikusema. Udongo nimekutilia kwa mikono yangu hii. Basi umelala miguuni pa babu yangu mpaka Siku ya Kiyama, na yeye, ninavyomjua, atakutuma maji.

Sheikh Saleh wako yuko upande mwengine, peke yake, hana wa kumzuru ila mimi. Namwombea dua, yeye hakunikosea. Nikimaliza napita kwako. Ijumaa iliyopita nilisimama pale nikataka nikucheke kama ulivyonicheka, kicheko hakikuja. Kilinijia kile kilemba ulichokishika kama paka. Lakini sikukusamehe, usijidanganye.

Wanao wakitaka kujua babu yako kalala wapi, Matrah kila mtu ananijua. Waje na kitabu, waje na kalamu, walifute lile neno mbele ya macho yangu. Nalijua lilipo, nimejifunza kulisoma. Ni neno moja tu, umesema mwenyewe. Lakini wafanye haraka: nna miaka themanini kasoro, na pahala alipo Sheikh Saleh sijamwambia mtu.

Mimi niliyekufunga kilemba,
mjukuu wa Khalfan.