Neno Alilosema Baba Kule Lusangi

Kasongo, tarehe 2 Agosti 2024

Shangazi Léontine,

Shikamoo. Mguu wa Apolline unaendeleaje? Mimi niko mzima. Baba yuko gerezani wiki ya tatu. Namba yangu unaikata, na hata ungeipokea ningeshindwa kusema, wanijua. Kwa hiyo nimempa Asani wa pikipiki karatasi hii.

Nimesoma PV ya polisi, ile karatasi ya maelezo aliyotoa baba. Imeandikwa kwa Kifaransa kwamba baba alikiri kuendesha pikipiki akiwa amekunywa pombe, siku ile alipoanguka na Apolline kule Lusangi. Nilimuuliza: «Baba, ulimwambia nini polisi?» Akajibu: «Nilimwambia nimelewa. Kichwa kilikuwa kinazunguka.»

Shangazi, afisa aliyeiandika ametoka Kinshasa, hajui Kiswahili chetu. Wewe unajua kwenu kulewa ni kizunguzungu pia. Nyanya Mwamvita, mama yenu, kila akishuka kwenye mtumbwi pale Nyangwe alisema amelewa, na pombe hakuionja maisha yake yote.

Baba ana ugonjwa wa sukari. Alituficha wote hadi mwaka jana. Sukari ikishuka mno, mtu anayumba na ulimi unakuwa mzito. Kesi ni Jumatatu tarehe 26. Mwanasheria anatafuta mtu wa ukoo amweleze hakimu neno hilo. Gerezani baba anapata sindano siku moja, siku mbili anakosa. Wakimfunga miaka, sidhani atatoka hai.

Mtoto wako,
Émérance


Kabambare, tarehe 9/8

Émérance,

Salamu zako nimezipata. Za kukurudishia sina.

Unauliza mguu? Walikata tarehe 30, chini ya goti. Sasa habari yake unayo.

Mimi nilifika Lusangi kabla polisi hajamuondoa. Nilimuona baba yako na macho yangu. Anayumba, anacheka, anamuita polisi «mama». Mutoto wangu iko chini ya pikipiki analia, yeye anacheka! Mugonjwa gani anacheka?

Umemaliza shule juzi, leo unakuja kunifundisha Kiswahili cha mama yangu mwenyewe. Hongera, mademoiselle. Eti sukari. Kama sukari ilimupungukia, si angelamba?

Usimutume Asani tena.

Shangazi yako, kwa bahati mbaya,
Léontine


Kasongo, tarehe 13 Agosti

Shangazi,

Pole. Nimeandika neno hilo mara nne na kila mara naliona dogo. Habari ya mguu sijaweza kumwambia baba.

Unisamehe kwa kuandika tena. Kule kasho, mahabusu ya polisi, baba alianguka, akawa hajibu. Mke wa polisi mmoja alimnywesha chai ya sukari nyingi, kijiko kwa kijiko. Baada ya robo saa akafungua macho akauliza: «Apolline iko wapi?» Mlevi haamshwi na chai. Mama yule amekubali kuja kusema hivyo.

Lakini kuna jambo mwanasheria amenikataza kulisema, na mimi siwezi kukuomba ukweli nikiwa nimeficha wangu. Asubuhi ile mimi ndiye niliyemchoma sindano. Sindano ile inashusha sukari, akishachomwa lazima ale. Niliacha wali motoni, nikakimbia shuleni kuangalia matokeo ya egzame. Niliporudi sufuria ilikuwa imejaa, na sahani yake ilikuwa safi. Alikuwa ameondoka na Apolline.

Nimefaulu kwa asilimia 61. Sijamwambia mtu.

Mtoto wako,
Émérance


Kabambare, tarehe 20/8

Émérance,

Basi umesema.

Kumbe alijua! Alijua akichomwa lazima ale, na akapakia mutoto wangu na tumbo tupu, njia yote ile. Mulevi tunamusikia harufu, tunashuka. Yeye alificha. Nani angemukimbia?

Hiyo sahani yako usiniletee kama zawadi. Wewe ni mutoto, yeye ni mutu muzima.

Jumatatu nitakuja. Nitasema vile mama alikuwa analewa kwenye mutumbwi, maana ni kweli, na mama yangu simugeuzi mulevi kwa sababu ya hasira yangu. Kisha nitatoa barua yako, hakimu asome ile ya sindano. Nitasema yote mawili. Apolline nakuja naye, wamuone.

Ukiniona mulangoni, usinisalimie.

Mama ya Apolline


Kasongo, tarehe 23 Agosti

Shangazi,

Sina salamu, kwa kuwa umezikataa.

Barua zako zote mbili nilimpelekea baba gerezani. Mwanasheria alikuwepo. Alisema nikuombe uchane ile yangu, maana shtaka la ulevi likianguka, hiyo italeta shtaka lingine. Baba alikuwa bado anasoma pale pa mguu. Alirudia mistari hiyo kwa kidole. Kisha akasema: «Hapana. Dada yangu aje nayo.»

Pale tribinali mashahidi wanangoja nje wamesimama, wakati mwingine hadi mchana. Nitabeba kiti kutoka nyumbani, kile cha baba chenye mgongo, nikiweke ukutani penye kivuli. Ni cha Apolline. Nitasimama mbali, msiione sura yangu.

Mtoto wa kaka yako,
Émérance