Kipimo Kilisema Tuko Juu

Didas, nimeua abiria wote. Ndani ya simulator, lakini nimewaua.

Mwalimu wa hapa Brussels kaweka baridi ya minus thirty, mawingu mpaka chini. Kipimo cha urefu kinasema tumeupita mlima kwa juu. Kwa juu kabisa! Tukaugonga.

Ananiuliza, "Zulekha, mbona hukuongeza futi za baridi?"

Futi za nini?? Eti kwenye baridi kali kipimo kinadanganya, ndege iko chini kuliko kinavyosoma.

Sisi tumejifunzia kurusha ndege kwenye joto la Dodoma. Nani alitufundisha hesabu hiyo?

Nani, Didas?

Ndo nikakumbuka asubuhi uliniambia leo unatua Lapland, huko kwenye barafu.

Nakupigia hupatikani.

Didas, ongeza futi.

Tiki bado moja.