Kwa Shemeji Deusi, Anayetusubirisha Toleo Jipya

Shemeji Deusi,

Nilianza kuandika "mpendwa" nikakata. Mapenzi yapo, lakini leo nimeyafungia kabatini, maana yakitoka nje yatanilegeza.

Barua hii nimeiacha wazi makusudi. Zile nilizozifunga kwa gundi ulizijibu kwa kadi zenye picha za maghorofa, kana kwamba nilikuuliza habari za maghorofa. Hii nitaibandika kwenye mlango wa ofisi yangu hapa Mirongo, Mwanza, na nakala nitampa kila mfanyabiashara anayepanda ndege kuja huko Dubai, mpaka mmoja wao akusomee mbele ya bosi wako. Wasiokujua wakujue: wewe ni mdogo wa mke wangu Kabula, kitinda mimba wa mzee Nkwabi, manju, mtunzi na mwimbishaji wa ngoma, ambaye nyimbo zake zimewatoa watu jasho na machozi Sengerema nzima. Unauza kompyuta kwenye duka la watu. Na umetugeuza sote, kuanzia mzee hadi mama ntilie, tuwe watu wa kusubiri mashine ambayo haizaliwi.

Unakumbuka siku ulipoileta ile ya kwanza? Nisikudanganye, shemeji, siku ile ulinishika. Na mimi si mtu wa kushikwa ovyo. Kisumu nimefika, Port Bell nimefika, Bujumbura nimelala kwenye hoteli yenye lifti, nikapanda na kushuka mpaka mhudumu akaniomba nikalale. Shule niliishia kidato cha pili, tulikuwa tumeshatoshana, mimi na shule. Sangara nimewanunua visiwani kote, viwanda vikanijua kwa sauti. Soko huria lilipofunguka nikawa wa kwanza mtaa huu kuweka kompyuta na printa chumba kimoja, watu waliokuja kuchapisha kadi za harusi wakaniuliza taarifa ya habari inaanza lini.

Lakini laptopu ile sikuwa nimeiona. Uliitoa katikati ya mashati mawili, ukasema, "Ishike, shemeji." Nikajipanga miguu kama mtu anayepokea gunia. Kidogo niipige darini! Kitu chepesi kama sufuria ya chai, na ndani yake ofisi nzima. Nilikukumbatia. Nakumbuka nilikukumbatia na sasa mikono inaniwasha.

Kesho yake tukapanda kivuko, mimi, wewe na Kabula, tukaenda kijijini kumwonyesha mzee. Huko umeme hadi leo unaishia kwenye ahadi. Ukamwekea mapajani, nje, pale anapokalia kigoda chake asubuhi. Akaigusa kwa kidole kimoja.

"Sinia hili la nini?"

"Baba, humu zinaingia nyimbo zako zote," ukamwambia.

"Na wezi?"

Hapo ndipo ulipomwonyesha neno la siri. Ukaifunga, ukamwambia Kabula aifungue, ikakataa. Ukaniambia mimi niifungue, ikakataa, na nilibonyeza kwa hasira kweli. Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Hii ndiyo," akasema. "Hii imelelewa. Inajua kunyamaza."

Sisi wa nyumbani tulielewa alichokuwa anasema, lakini acha niwaeleze wanaosoma mlangoni. Manju hafundishi watu wimbo wake mpya kabla ya mashindano ya baada ya mavuno. Ukivuja, manju wa upande wa pili anautungia majibu, na siku ya uwanjani unasimama unaimba huku umati ukikucheka kwa kuwa jibu umelisikia kabla ya swali. Daftari mzee halitaki, kila aliyepita shule atalisoma. Kaseti alijaribu mara moja. Kabla mahindi hayajakauka ilikuwa inauzwa stendi ya Mwanza, imerudufiwa na picha ya mtu mwingine imebandikwa juu, na mpinzani wake akaja uwanjani na majibu ya kila ubeti. Ng'ombe wa zawadi walienda upande wa pili. Tangu hapo mzee alikaa na nyimbo zake kichwani kama mtu aliyekalia fedha zake, zinaongezeka na hana pa kuzitua.

Kwa hiyo alikutazama usoni akasema, "Mwanangu, niachie hii."

Nilikuwepo, Deusi. Nilisikia. Na nilisikia ulichojibu.

"Hii ya zamani, baba. Mwaka huu linatoka toleo jipya. Jepesi mara mbili, betri yake kutwa nzima. Wewe si mtu wa kupewa ya zamani. Subiri kidogo."

Akasubiri. Mzee aliyekataa kusubiri mvua, aliyekuwa anapanda mapema anaitukana mpaka inyeshe, alisubiri kwa sababu mtoto wake wa mwisho amesema. Na ile iliyokuwa mapajani mwake ukaiuza siku ya pili kwa karani wa kiwanda cha samaki.

Dukani kwa bwana Kanti zilikuwepo nyingine za aina ile ile. Bwana Kanti mwenyewe aliniita, "Masanja, chukua moja, mkwe wako aimbe." Nikaenda posta kukupigia, maana nilitaka tu uniambie ipi ina betri nzuri. Ukapiga kelele kwenye simu mpaka dada wa posta akasikia:

"Shemeji, usinunue tofali hilo! Utajuta! Jipya likitoka hilo utawekea mlango usifungwe na upepo!"

"Linatoka lini?"

"Kabla ya Krismasi."

Krismasi ikapita. Ukasema baada ya Ramadhani. Ramadhani ikapita, watu wakala sikukuu, ukasema wenye kiwanda hawajaridhika na bawaba. Bawaba! Mlango wa choo changu una bawaba ya kipande cha tairi na unafunga vizuri. Baada ya bawaba ikawa skrini. Baada ya skrini ukaniandikia kwamba ukimya wao ni dalili nzuri, wakinyamaza sana ujue kinachokuja ni kikubwa. Shemeji, hata mtu aliyekufa hunyamaza sana.

Na mimi, mdomo wangu unaujua. Nilishatangaza. Nilimwambia mwalimu mkuu, nikamwambia mwenyekiti wa kwaya, nikawaambia hadi watu wa Kiseke ambao hawakuniuliza, kwamba laptopu mpya itakayoingia Mwanza ya kwanza itaingilia kwangu. Sasa hivi unajua naitwaje hapa mtaani? Toleo Jipya. Jina langu limekufa. Juzi nimekaa kwa mama ntilie, ananiuliza mbele ya wateja, "Toleo Jipya, chai ya rangi au ya maziwa? Au tukusubirishe ya mwakani?" Watu wakacheka mpaka maandazi yakadondoka. Nami nilicheka, nifanyeje. Lakini nilikuwa nakula jina lako kwenye kila andazi.

Hilo la kuchekwa ningekusamehe. Mimi nimechekwa bandari tatu. Lisilosameheka ni hili lingine, na sijui kama kadi zako za maghorofa zimekupa nafasi ya kulifikiria.

Masika haya mzee amepigwa na kiharusi. Kabula alikuandikia. Ukatuma salamu na ukasema, nanukuu kwa ulimi mchungu, "mwambieni avumilie, mzigo uko karibu." Mdomo wake umevutwa upande mmoja. Anatembea, anakula, anatukana vizuri tu. Ila maneno yanamtoka na hayarudi. Anaanza wimbo kimoyomoyo, unaona midomo inacheza, halafu inasimama, anatazama chini kama mtu aliyeangusha sindano. Kabula akimuuliza anatafuta nini anasema, "Ulikuwa hapa."

Hapo nikasema basi. Nikaenda kwa bwana Kanti, rafu ni nyeupe. Zile za zamani zimeisha, na za sasa hajaagiza kwa sababu naye amesikia kuna toleo jipya. Amesikia wapi? Kwangu! Nikatoka hapo nikiwa nakuchukia kwa Kisukuma, kwa Kiswahili na kwa kile Kifaransa changu cha Bujumbura.

Nikaenda kiwandani kwa yule karani wako. Nikamwambia ukweli wote, mtu mzima nimesimama mbele ya meza yake na harufu ya minofu. Akaniazima ile ile uliyomuuzia. Akasema, "Nenda nayo, jaza betri, mwache mzee aimbe. Ikiisha irudishe ujaze, uende tena." Mtu baki, Deusi. Hata kabila letu si lake.

Kuandika kwa kompyuta najua, usicheke, vidole viwili vyangu vina mwendo kuliko kumi vya wengine. Tukavuka, mimi na dada yako. Mzee tulimkuta amevaa shati la ngoma, nani alimwambia tunakuja sijui. Nikaiwasha. Akachagua neno lake la siri, akanitaka nigeuke ukutani wakati Kabula anamwelekeza herufi, kisha akamgeuza na Kabula ukutani akaibonyeza ya mwisho mwenyewe. Halafu akafumba macho akaanza.

Shemeji, sauti ilikuwepo. Imepinda, lakini ilikuwepo. Ubeti wa kwanza nikaukamata wote. Wa pili nikaukamata. Wa tatu akafungua mdomo, akanitazama, akaufunga.

"Baba, umesahau?" Kabula akamuuliza.

"Sijasahau."

"Endelea basi."

"Mkwe yupo."

Nikabaki vidole hewani. Kumbe ubeti wa tatu ndio unaomvua nguo yule manju wa upande wa pili, yeye, mke wake na kitanda chao. Nyimbo za baba yako zote ndivyo zilivyo, utamu wake uko huko ndani, na tulikuwa tumesahau kabisa, sisi watu wa mjini, tukihangaikia betri na uzito. Atayatamkaje hayo mbele ya mume wa binti yake? Na nikiondoka anabaki binti mwenyewe! Nikamwambia, "Baba, mimi ni karani tu hapa, usinihesabu." Akanijibu kwa upole ulionitia aibu kuliko tusi, "Mwanangu, nikikutamkia haya leo, kesho utanisalimiaje?"

Nikasema nimtafute kijana anayejua kompyuta, nimlete kutoka mjini. Akauliza, "Huyo naye hana bei?" Kila mtu ana bei, mimi ndiye ninayejua, nimefanya biashara ya samaki.

Betri inaliwa. Ndipo Kabula akaniambia jambo ambalo miaka yote ya ndoa sikuwahi kulijua, kwamba nyimbo zote mzee alikuwa anazitunga machungani, na aliyekuwa anachunga naye, anayempokea ubeti kwa ubeti, matusi kwa matusi, ni wewe. Kwamba huko machungani hamkuwa baba na mtoto, mlikuwa manju na mpokezi wake. Kwamba akikwama wewe ulikuwa unamtupia mwanzo wa mstari unaofuata naye anaudaka. Mzee aliposikia anatajiwa hilo alitabasamu upande ule mmoja, akaimba mstari, kisha akanyamaza, ameinamisha sikio kidogo kuelekea zizini. Mstari ule unapokelewa. Alisubiri upokelewe. Sikujua la kuimba. Kabula naye alikuwa analia. Akaurudia mara nyingine, akasubiri tena, kisha akasema amechoka.

Sasa nisikilize vizuri, wewe muuza bawaba. Sitaki tena kusikia ni gramu ngapi. Likitoka hilo toleo, wauzie wenye haraka nalo. Mashine ninayo, ya kuazima, tofali lako lile lile, na karani hajachoka nami. Panda ndege. Njoo na shati ulilovaa. Nitakusubiri kivukoni, nitakutukana kutoka upande huu hadi upande ule, abiria watalipia nauli na burudani wataipata bure. Tukifika kwa mzee nitamsalimia, nitamshika dada yako mkono, tutaondoka pale nyumbani tutembee mpaka mahali ambapo hatutasikia neno hata moja, na tutakaa huko hata jua lituchome, mpaka mtuite.

Ukiona hilo ni gumu, usitume kadi. Mzee ataendelea kuimba mstari mmoja na kutega sikio, nami nitakuwa nimekaa hapo mbele yake, mkwe, mtu wa dunia, ninayejua kila kitu isipokuwa cha kumjibu.

Mimi, mume wa dada yako, niliyekukasirikia hadi nikakukumbuka,

Shemeji Masanja