Chasisi Haitakatwa

Jumamosi jioni. Baridi imeanza kuuma hapa Woodbridge, mlango wa gereji nimeshaufunga.

Shajara, limetulia!

Nasema lile gari la kabla ya vita vikuu vya pili, lenye boneti ndefu na silinda nane kwenye mstari mmoja. Mwenyewe ni mama wa Takoma Park, alilirithi kwa babake. Lilikuja likigongagonga nyuma kidogo. Mimi na msaidizi wangu Papa Déo tulipolitengeneza na kumrudishia, likawa kila tuta linarusha mateke kama punda. Akasema likirusha tena leo analipeleka gereji ya Springfield, chasisi ikatwe, bodi ikae juu ya fremu mpya yenye gia za otomatiki. Kisha akaongeza kwamba mimi niko sawa kwa hivi vigari vya Kijapani.

Hilo liliniuma. Tangu nihamie huku kutoka Nakuru nimeogesha wazee wa watu kwenye nyumba za kulelea miaka mingi, nikisomea ufundi kati ya shifti na shifti. Gereji hii sikupewa na mtu.

Leo asubuhi nikaingia chini ya gari na rula. Kwenye lori, springi hubeba mzigo na pia husukuma gari. Kwenye gari hili, shafti imefichwa ndani ya bomba nene kutoka giaboksi hadi difu kwenye ekseli ya nyuma, na bomba hilo ndilo linalosukuma gari zima. Springi kazi yao ni kubeba tu. Nikapiga hesabu: ekseli ikipanda inchi mbili, bomba linaisogeza nyuma unene wa sarafu mbili. Basi ncha za springi lazima zibembee.

Nikamulika tochi. Ncha zote zimetiwa kabari za chuma!

"Papa Déo! Nani kafanya hivi?"

"Ni miye, dada. Springi ilikuwa inacheza. Kule Bukavu, lori yenye inacheza vile inakumwanga mu bonde na mizigo yako."

"Hili si lori!"

"Chuma yote ile, na haiko lori?"

Nilicheka hadi nikagonga kichwa kwenye fremu. Nitamlaumu vipi? Nakuru nami ningezibana hivyo hivyo.

Tukang'oa kabari, tukatia bushi mpya za shaba, na kule kugongagonga kwa kwanza kukaisha pia. Halafu nikakanyaga pedali ndogo ya kulainishia, ambayo magari ya siku hizi hayana, oili ikapita kwenye vibomba hadi kwenye kila kiungo cha chasisi. Kwa kukanyaga mara moja tu! Mtu aliliwaza hili kabla babu yangu hajaona gari.

Mama mwenye gari alipofika nilimweleza ukweli, kwamba kabari zilikuwa zetu. Akanuna, akaingia. Tukavuka matuta ya maegesho ya kanisa. Gari halikurusha wala kugonga. Akaniambia nirudi, nivuke tena, kwa kasi zaidi.

"Dada," Papa Déo akanong'ona kutoka kiti cha nyuma, "hii ni kitanda ya mfalme."

Mama akatoa simu palepale kwenye kiti, akawaambia watu wa Springfield wasimngoje.

Hakuniomba radhi kwa yale ya vigari. Nami sikungoja aombe. Alichofanya ni kuniuliza kama naweza kuangalia na giaboksi, maana gia ya pili inalia.

Eti kama naweza!

Bango langu la nje linasema oili na breki. Jumatatu naongeza mstari wa magari ya kale, tena kwa herufi kubwa.