Maria wa Maganda ya Mahindi

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, tarehe 2 Desemba

Kwa mwanangu Pascaline, huko mjini, Area 25,

Nakusalimia sana. Huku tuko wazima, ni mvua tu njo imechelewa. Je, unakula vizuri?

Kazi ya mapambo ya Noeli imeanza. Tunaokota maganda ya mahindi yenye batu banatupa sokoni, tunayalowesha, tunasuka nyota na malaika. Mi nilipewa kusuka Maria kumi na wawili. Wote niliwawekea mtoto mgongoni, amefungwa na kipande cha kitenge. Mama mwenye kununua alipofika kutoka mjini akacheka.

"Mama Bisimwa, Yesu analala kwenye majani ya ng'ombe, si mgongoni."

Nikamwambia, "Huyu mama iko mbali na kwabo. Mtoto atamuweka wapi?"

Basi nikawafungua, batoto nikawalaza chini. Kumi na mmoja. Wa mwisho nilikataa kumfungua.

Mama Guelord, mwenye anauza ndizi huko kwenu, aliniambia uko na mtoto mchanga, na ulimuomba anyamaze. Usimkasirikie. Mi pia sikukasirika. Nilijiuliza tu nani alikukanda na maji ya moto ulipozaa. Baba yako nitamwambia mimi.

Ule Maria wa mwisho atakuletea Mama Guelord, amefungwa kwenye gazeti. Angalia kitenge, utakijua, ni kile nilikubebea. Kipande kikubwa kimebaki hapa. Kuja na mtoto, kitumike.

Mama yako, mwenye hajajua jina la mjukuu wake